Mwanachama Mwenye Adabu Kuliko Wote

Jumatatu, 3 Machi 2025. Musoma.
Madam Gaudensia ametangaza kwamba Jumapili anang'atuka. Ndiye msimamizi wa kundi letu la barua pepe, la mafundi kompyuta wa Mara. Ukiandika barua moja ya kuomba msaada, wote tunaipata, na mwenye jibu anajibu. Msimamizi mpya tutamchagua wenyewe. Simuoni mwingine zaidi yangu. Nani aliandika Kanuni za Adabu za Kundi? Mimi Felisian. Tena bila kuombwa.

Leo mwalimu mmoja kauliza: printa inatafuna karatasi, afanyeje. Salamu hakuna. Kichwa cha barua: "Msaada." Msaada gani? Nikamwandikia, kundi zima likisoma, kwamba kwanza asalimie, ajitambulishe, aeleze alichojaribu, ndipo aulize upya. Evance wa Bunda akarukia, akamwambia afute rola kwa kitambaa kibichi. Mwalimu kamshukuru Evance. Mimi niliyemfunza ustaarabu sijapata hata asante.

Jumanne, 4 Machi.
Nimepata akili. Kundi halina mtu anayejua kuuliza, basi nimemtengeneza. Anaitwa Leodgar, fundi anayejifunza, wa Bugwema. Nimemfungulia anwani yake. Barua yake ya kwanza nimeiandika tangu chai hadi mchana. Kasalimia wakubwa kwa wadogo, kaulizia mvua na mifugo, kaomba radhi kwa usumbufu, ndipo kaeleza kompyuta yake inajizima yenyewe. Kichwa cha barua safi kabisa. Nikamjibu papo hapo, kurasa na kurasa, kuhusu umeme na mfumo mzima wa kompyuta. Jibu la kitaalamu. Mke wangu Eufrasia kauliza nacheka na nani. Nikamwambia ni kazi.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi.
Padri kahubiri juu ya majivuno. Nimemfikiria sana Evance.

Nimefungua barua. Jibu langu hakuna aliyeligusa. Wote wanamsifia Leodgar! Kijana kalelewa, kijana ana heshima. Evance kaandika mstari mmoja: apulize vumbi kwenye feni. Kundi likaanza kuuliza kama kompyuta ya Leodgar imepona. Ikabidi ipone. Nikajaribu kumfanya Leodgar amjibu Evance kwa ukali kidogo. Nimefuta, nimeandika, nimefuta. Ikashindikana. Leodgar hana tabia hiyo. Kamshukuru, kamtakia Kwaresima njema.

Hata hivyo, najivunia. Mtu mwenye adabu hivyo katoka kichwani mwangu.

Ijumaa, 7 Machi.
Balaa. Madam Gaudensia kampendekeza Leodgar awe msimamizi. Evance, ambaye nilikuwa na uhakika anautaka ukubwa, kajitoa na kumuunga mkono. Mimi nimependekezwa na mtu mmoja. Leodgar.

Siwezi kushindwa na mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo jioni Leodgar kaandika kwamba ameshikwa na malaria kali, hawezi uongozi, wamchague Felisian, mwalimu wake. Barua imenitoa machozi kidogo. Naandika vizuri mimi.

Jumamosi, 8 Machi.
Sikufikiria jambo moja. Mgonjwa huendewa.

Asubuhi gari limesimama mbele ya duka langu. Evance kwenye usukani, nyuma Madam Gaudensia na mafundi wengine, na mkungu wa ndizi, sukari, mikate, sato wawili wakubwa. Wakasema panda Felisian, twende Bugwema tukamwone mwanafunzi wako. Ningesemaje? Nikapanda.

Bugwema tumeuliza kila mji. Leodgar yupi? Fundi wa nini? Madam akaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba kijana amelala peke yake mahali, hana wa kumpa maji. Hapo nikajisikia vibaya kweli. Nikaomba kwenda kujisaidia, na nyuma ya kichaka Leodgar akaandika kwamba amepelekwa kwa shangazi yake, Mwitongo, kule Butiama. Nilidhani watarudi. Evance akakata kona kuelekea Butiama.

Mwitongo napo hola. Nikaomba tena kujisaidia. Leodgar akaandika kwamba homa imeshuka, amepanda basi kwenda Tarime kupumzika, anawashukuru sana. Madam akafumba macho akasali palepale barabarani. Vitu tukamwachia bibi mmoja aliyekuwa anaumwa mgongo kweli. Akatubariki wote, mimi pia.

Wakati wa kurudi Evance akasema jambo la ajabu: kila nikienda kujisaidia, Leodgar anaandika. Nikamwambia mtandao wa huku ndivyo ulivyo. Akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Jumapili, 9 Machi.
Leodgar kashinda. Mimi nimepata kura mbili, yangu na yake. Madam kaandika kwamba Leodgar hata kura yake kampa mpinzani, na huo ndio uongozi. Nilijisikia kama nimesifiwa mimi. Na ni mimi!

Jumatatu, 10 Machi.
Madam kamtumia Leodgar nywila. Kwa hiyo kundi ni langu. Nimekula ugali kwa raha.

Kabla sijanawa, wanachama wamemwandikia msimamizi mpya ombi lao la kwanza: amnyamazishe Felisian, kanuni zake zinafukuza wageni. Evance kaongeza kwamba wapo wanaosema Leodgar na Felisian ni mtu mmoja, lakini yeye haamini, anasubiri tu haki itendeke. Nimekaa nayo barua hiyo mpaka chai imepoa. Nikikataa, nimejianika.

Nimejisimamisha mwezi mzima. Barua nzuri ajabu, ya upole lakini imara. Pongezi zimemiminika. Eufrasia kasema si niwaambie tu ukweli yaishe. Nikamwambia yeye haelewi uongozi.

Jumatano, 12 Machi.
Siku mbili bila kumsahihisha mtu, nimekonda. Leo mmoja kauliza swali kwa herufi kubwa tupu, nami nimefungwa mdomo na mimi mwenyewe.

Lakini nimejifunza. Kosa lilikuwa kumweka Leodgar mahali gari linafika. Nimefungua anwani nyingine, ya Mzee Makongoro, fundi mstaafu wa Ukerewe, ng'ambo ya maji, mwenye afya ya chuma. Kasalimia vizuri kuliko hata Leodgar, kisha kaliomba kundi limsamehe Felisian.

Evance kajibu kabla ya saa kuisha. Amefurahi mno kumpata mzee. Jumamosi anavuka na kivuko cha Kisorya kwenda ukweni kwake Ukerewe, atapita kumwamkia, na Madam Gaudensia atakuwa naye.

Nimetafuta namna ya kukataa. Lakini mtu mzima mwenye adabu hakatai wageni. Mzee Makongoro kawaambia karibuni sana, na atachinja mbuzi.