Mstari wa Mbele Ulikuwa Wangu

Jumatatu, 16 Juni
Nimechoka kabla wiki haijaanza. Katika ukumbi wa mtaa wetu kutarekodiwa filamu: vijana wa kila kabila na rangi wanacheza pamoja mpaka wazazi wao wanapatana. Nimecheza isukuti, ngoma yetu Waluhya, harusini na matangani tangu utotoni. Nani mwingine awe mbele? Rispa, mwongozaji, amemchagua Muse, muuza vitambaa wa Eastleigh. Msomali! Mimi nyuma. Ati goti langu linalia kuliko ngoma.

Jumanne, 17 Juni
Nimempigia Muse simu: mazoezi ya leo yamehamia mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Akashukuru, akaniita mzee wangu. Mjinga!

Jumatano, 18 Juni
Loo! Muse alifika Mukuru, hakukuta mtu, akaanza kucheza peke yake njiani. Vibarua waliokuwa wakitoka Industrial Area wakajiunga. Leo amewaleta wote. Rispa nusura alie kwa furaha. Mstari wa nyuma umejaa. Nimesukumwa hadi mlango wa choo.

Ijumaa, 20 Juni
Nimejikokota hadi Eastleigh. Nikamwambia Mama Muse kwamba mwanawe anashikana mikono na wasichana hadharani. Akafunga duka papo hapo. Naam! Akaingia ukumbini, muziki ukazimwa. Akamtazama Muse. "Mabega hayo umeyakaza kama mbao," akasema. "Nani alikufundisha?" Akamwonyesha dhaanto, ngoma ya kwao. Makofi! Kuhusu mikono, akavua shali: Muse ashike ncha moja, Muhonja anayecheza naye ashike nyingine. Rispa amempa Mama Muse sehemu kwenye filamu. Mimi bado chooni.

Jumamosi, 21 Juni
Siku ya kurekodi. Nikajipenyeza mbele, nikaruka. Goti likakataa. Nikaanguka katikati ya ukumbi, kamera ikinitazama. Muse na kibarua mmoja wakaniketisha kitini. Mama Muse akalifunga goti kwa shali yake. "Pole, ndugu yangu. Cheza na mabega." Nikacheza. Wakanizunguka wote: Waluhya, Wajaluo, Wasomali, Wahindi, hata Mzungu wa tarumbeta. Machozi yakanitoka, ya kweli.

Jumapili, 22 Juni
Siwezi kutembea. Muse ameniletea maziwa ya ngamia, akasema amepata baba mwingine. Kijana mzuri sana. Nimelala nikiwaza. Wote walimzunguka nani? Mimi! Anayezungukwa ndiye nyota. Kesho naenda kwa Rispa kudai picha ya Muse iondolewe kwenye bango la filamu, iwekwe yangu. Nitafikaje na goti hili? Muse amekubali kunibeba.