Gari Lilipokaa Chini Mgeni Akila Michembe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, hapa hapa Bariadi, mbele ya mama yangu mzazi.

Lile gari la marehemu baba mnalijua. Alilinunua miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba na magari ya Japani yakaanza kumiminika. Viti vya ngozi, paa la kioo, mlango ukifunga unasikia "dup", si kelele za bati. Leo nilikuwa naliuza. Wazazi wa Kabula wangu wanataka mahari ya ng'ombe kumi Jumamosi, na mimi zizini nina mbuzi mmoja (naye ni wa mama).

Tatizo lake ni moja tu. Shokapu zake ni za upepo, na upepo unavuja. Ukiwasha injini linajijaza, linasimama kama waziri. Ukizima, nusu saa haiishi, limekaa chini, tumbo linagusa ardhi. Kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: mteja aje, aendeshe, tuandikishiane, aondoke nalo. Haraka!

Mteja mwenyewe, Bwana Deo, kafika saa sita akitokea Mwanza. Suti, kiatu kinang'aa, Kiswahili cha Dar kitupu. "Mambo vipi, kiongozi? Chombo kiko poa?" Nikajisemea, huyu wa mjini, nimempata.

Akaliendesha mpaka Somanda na kurudi. "Dah, hili linaelea!" (Lisielee kwa nini, na upepo wote ule?) Akazima injini. Akatoa kalamu.

Hapo ndipo mama akatokea jikoni. "Mgeni haondoki kwangu na njaa."

Nikamgeukia kwa Kisukuma, huku usoni natabasamu. "Mama, usimpe chakula! Gari linakwenda kukaa. Akiliona limekaa, mimi sioi!"

Mama naye kwa Kisukuma: "Kwa hiyo nifukuze mgeni kwa sababu ya gari? Wewe kakulea nani?"

"Basi mpe kidogo!"

Kidogo! Akaleta sinia zima la michembe ya karanga. Mnaijua michembe. Viazi vilivyokaushwa, hata ukipika namna gani, mtu hamezi kwa haraka. Bwana Deo akavua koti. Akatafuna taratibu. Akaomba maji. Akaomba maziwa mgando. Mama akamwongezea sinia la pili!

Mimi nimesimama mlangoni, nimetanua mikono ili asione nje. Nyuma yangu nikasikia: fssss. Nikakohoa. Fssss. Nikaanza kuimba pambio la kanisani (mimi, ambaye kwaya walinitoa).

"Kiongozi, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa. Ni furaha tu."

Alipotoka nje, gari lilishakaa lote. Kuku wa mama alikuwa amepanda kwenye boneti kwa hatua moja, amejituliza.

Bwana Deo akalitazama. Akamtazama kuku. Kisha akamgeukia mama, akainamisha kichwa kumshukuru: "Wabeja sana, mayu." Na akaendelea kwa Kisukuma, tena kile chenyewe cha machungani: "Mwanao kahangaika bure. Mimi nimelisikia likipumua tangu sinia la kwanza."

Mungu wangu! Nilitamani nijifiche chini ya gari, ila nafasi haikuwepo. Mama alicheka mpaka akakaa chini (yeye na gari).

Kumbe ni mtoto wa Lingeka, Usukumani huku huku, kazaliwa huko, na ng'ombe wake wako huko. Akasema gari bado analitaka, shokapu atang'oa aweke spring za kawaida. Lakini hatoi fedha. Atatoa ng'ombe kumi, niwafuate mwenyewe kesho.

Nikajikaza nikauliza, "Wazima, mzee?"

"Wazima kabisa. Ila uwahi, uwaangalie haraka haraka. Usikae kula."

Nimeshakubali. Sasa anayejua ng'ombe anayevuja upepo anatambulikaje aniambie leo hii. Kucheka mtacheka Jumamosi, nikishaoa.