Malalamiko Dhidi ya Mama, Kuhusu Lugha Anayosema Nyumbani Kwako

Kwako Mdogo Wangu, Mkuu wa Kitengo,

Pokea salamu, na uniwie radhi kwa kukuandikia Kiswahili. Kiingereza ninacho kile cha kwenye maboksi ya dawa tu, nami sikutaka ufikiri nakuelekeza namna ya kumeza vidonge.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nimshawishi Mama arudi kwako kabla ya Jumamosi, kwa kuwa dada wa kazi anaondoka na watoto hawana wa kubaki naye. Nimelitafakari jambo hili nikaona umeonewa. Kosa ni la Mama. Kwa hiyo badala ya kumshawishi nimeamua kumshitaki, na hakimu ni wewe mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama alipewa sheria ya nyumba waziwazi: mbele ya watoto ni Kiingereza tu, na asiye nacho anyamaze. Shemeji aliibandika hadi mlangoni mwa jokofu. Fundi bomba aliitii. Alipokuja kuziba pale jikoni alieleza shida yote kwa vidole, mkaitikia kwa vichwa, na ndiyo maana mpaka leo mkifungua maji jikoni yanatoka bafuni. Hakunung'unika. Dada wa kazi naye akitaka kucheka hutoka kwanza mpaka kwenye kamba ya nguo. Mama peke yake, mtu mzima aliyetulea wewe na mimi, alishindwa na kazi nyepesi kama kunyamaza. Kila asubuhi alikuwa akiwasalimia wajukuu zake. Tena anangoja waitikie!

2. Mama hataki kwenda na wakati katika mambo ya ukoo. Wanao huniita "anko". Kaka wa mama yao ni anko, mlinzi wa getini ni anko, na yule anayekuja kupuliza dawa ya mende ni anko. Mimi nimeridhika, si haba kuwekwa kundi moja na mtu mwenye kazi yake. Lakini Mama akawakalisha chini: "Huyu ni baba yenu mkubwa. Baba yenu asipokuwepo, huyu ndiye baba, mnanisikia?" Watoto wakamtazama mama yao, naye shemeji akawatafsiria. Kwa kadiri nilivyoelewa, maneno yote yale yaligeuka kuwa: bibi anasema anko amekuja.

3. Hili la gari ni zito. Mimi najua, na jengo zima linajua, kwamba Kiingereza chenu kinatosha kazini na kinatosha kuombana chumvi, ila kugombania bado. Mlijaribu mara moja sebuleni, mkaishiwa maneno kabla hamjafika kwenye jambo lenyewe. Tangu hapo mkikosana mnashuka chini, mnaingia garini, mnapandisha vioo, na humo Kiswahili kinamwagika.

"Wewe na mama yako!"

"Mwache mama yangu, sema la kwako!"

"Nitasema! Unamtisha nani hapa?"

Watoto wanatazama dirishani. Mmewafunza vizuri: wakubwa wakianza lugha ile, mtoto mwenye adabu anafunga mlango asisikilize. Sasa Mama, bila haya, alishuka na khanga yake akagonga kioo. "Njooni mgombane ndani, jamani, baridi yote hii. Na watoto nao wajue wazazi wao wanajua kuongea." Majirani walicheka mpaka wakashikilia kuta. Je, huko ni kukaa na watu?

4. Na la pasi. Dada wa kazi aliiacha mezani ikiwa ya moto, akaitwa nje. Mama alikuwa koridoni na beseni la nguo, akamwona mwanao mdogo anaisogelea. Akapiga ukelele: "Weee! Acha! Inaunguza hiyo!"

Mtoto alimsikia vizuri sana. Alisikia lugha ya garini, kwa sauti ya garini. Akafanya kama alivyofunzwa: akaja taratibu, akamfungia bibi yake mlango, akarudi kwenye pasi.

Kiganja kinapona, nashukuru. Mimi nilifika kwa sababu dada wa kazi alinipigia simu, na nilikuwepo shemeji alipomuuliza Mama kwa nini amemfokea mtoto kwa Kiswahili. Wewe ulikuwa unatazama simu yako. Siku hiyo ndipo Mama alipoanza kuitii sheria: alikunja nguo zake bila neno, akashuka ngazi bila neno, na njia nzima mpaka kwangu sikumsikia hata akikohoa.

Kutokana na hayo, naomba Mama asirudi kwako mpaka afanyiwe usaili na afaulu. Naomba pasi, jiko na ngazi vibandikwe maelezo ya Kiingereza, ili vitu vyenyewe viwaonye watoto na bibi apumzike. Akisali, asali moyoni, kuta zenu ni nyembamba. Na siku yake ikifika, simwombei, akate roho kimya. Wazee wengine hupenda kuwaita wajukuu na kuwaachia maneno, na saa hiyo mkalimani tutamtoa wapi?

Au kama haya yote ni mazito kwako, ibandue ile karatasi, uje wewe mwenyewe, ukae mbele ya Mama, useme naye. Usinitume mimi.

Nisalimie shemeji. Nisalimie watoto, uwatafsirie. Dada wa kazi mtakie safari njema kwa niaba yangu, na fundi bomba mkikutana, mpungie mkono tu, ataelewa.

Ni mimi, mkubwa wako kwa kuzaliwa na mmoja wa maanko wa wanao.

Nyongeza: Nilikwisha kuifunga bahasha, nimeifungua tena. Binti yangu wa mwisho ameitwa kwenye shule ile ya wanao. Mwalimu anasema akili anayo, ila ulimi mzito, na nyumbani asikie Kiingereza peke yake. Usicheke. Unajua mwenyewe milango inafunguliwa kwa lugha ipi. Tumeanza leo, wakati wa chai. Mama alituuliza mbona mezani kumepoa hivi, nami nikamwonyesha mtoto kwa macho. Mama ameelewa upesi kuliko nilivyotaka. Sasa hivi ameketi sebuleni juu ya begi lake, na ameniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna mtoto mwingine aliyemzaa akamsahau.