Wingu Lililonifuata Siku ya Mtihani wa Mama Breki

Kwa Mkuu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkavu na chini ya paa. Mimi ni mshonaji wa maturubai ya sherehe, mtu nisiye na ugomvi na serikali wala na mawingu. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa viatu vyangu bado vimeanikwa dirishani, kulalamikia mvua ya Jumamosi iliyopita. Mvua hiyo, usipochukua hatua, itanikosesha mke.

Nikueleze kidogo. Nina gari la spoti, jekundu, la milango miwili, la wazi juu. Nililinunua kuukuu, paa lake la kitambaa likiwa limeoza, nikashona jipya kwa mikono yangu. Pia nina mchumba. Mama yake ni mtahini mstaafu wa madereva, na mtaani tunamwita Mama Breki, ila si mbele yake. Mama huyu haulizi mkwe anasali wapi wala ana kiwanja wapi. Yeye anataka kumwona ameshika usukani, basi. Akaamuru nimpeleke Jumamosi kwa dada yake, upande wa pili wa mji, na baada ya safari hiyo angetamka kama binti anaolewa au haolewi. Huyuhuyu ndiye aliyenifelisha mtihani wa leseni ujanani, kwa kosa la kupiga mluzi nikirudi nyuma.

Asubuhi hiyo mtangazaji wenu alisema redioni, tena kwa sauti ya mtu aliyeshiba chai, kwamba jua litawaka kutwa nzima. Nikamwamini, nikalikunja paa, nikalitia kwenye buti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua ilianza bila hodi. Tulikuwa tumelipita soko, Mama Breki amekaa wima, mkoba mapajani, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara. Likaja wingu moja tu, na kabla sijameza mate tulikuwa tumelowa chapachapa. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanaanika nguo. Naomba nielezwe ni kwa utaratibu gani wingu la idara yako lililichagua gari langu.

2. Mvua hiyo haikuheshimu ufundi. Paa nililoshona ni imara, halipitishi hata tone. Ila mimi ni mtu wa maturubai, nikalishona ninavyojua, na kamba zake na vigingi vyake. Ili likae, vigingi lazima vipigwe ardhini, na vikishapigwa gari haliendi popote. Jambo hili nililigundua nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara na nyundo mkononi, mama mkwe akinitazama. Mvua yenye adabu ingeanza tukiwa tumeshaegesha. Ikabidi nirudishe nyundo, tuendelee bila paa.

3. Mvua ilinigombanisha na sheria. Wenye magari ya wazi tunajua: ukikimbia, upepo unayarusha maji juu ya kichwa, ukienda polepole, unaoga. Sasa nihukumu wewe, Ndugu Mkuu. Nikikanyaga mafuta, nimefeli mtihani. Nikienda taratibu, namwogesha mama mkwe hadharani. Nilienda taratibu. Kitambaa chake kikamshukia mpaka machoni, akakiacha hapohapo. Nilitamani hata anitukane.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kwenye makutano taa ikawa nyekundu. Hapakuwa na gari, mtu wala mbwa, na trafiki mwenyewe alikuwa amejibanza kwenye kibaraza cha duka. Nikasimama. Mama Breki akainua upindo wa kitambaa, akaitazama taa, akaushusha tena. Taa ile, sijui nayo iko chini yako, ikaganda. Maji yakapanda hadi kwenye pedali, na kiatu kimoja cha mama mkwe kikaelea kikaja upande wangu. Nilikiokota, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akageukia pembeni, mabega yakimtetemeka. Nikajua nimemliza mama wa watu.

5. Tulipofika kwa dada yake, mvua ikakatika palepale, kana kwamba nayo ilikuwa imefika ilikokuwa ikienda. Mama Breki akafungua mlango, maji yakatangulia kushuka, naye akayafuata bila kuniaga. Wiki nzima hajatoa majibu. Binti akimuuliza, anaingia chumbani na kufunga mlango. Nampenda yule binti, Ndugu Mkuu, sina namna nyingine ya kulisema. Usiku silali.

Kwa hiyo naomba idara yako imwandikie Mama Breki barua yenye mhuri, ikikiri kuwa mvua ile haikuwa halali, ili mtihani ufutwe nami niurudie siku ya jua. Naomba pia mawingu yabandikwe namba za usajili ubavuni, mwananchi ajue la kulishtaki. Mvua nayo ipangiwe mwendo, na isimame kwenye taa nyekundu kama sisi wengine. Mwisho, mtangazaji wenu apakiwe kwenye gari langu kila anapotabiri jua. Mafuta nitatia mimi.

Nisalimie makarani wako wote, mtangazaji pamoja na chai yake, na yeyote anayepanda juu kusoma kipimo cha mvua. Wa nyumbani kwako waambie wafunike magari.

Ni mimi, raia mtiifu mwenye mafua,
Mshonaji wa Maturubai.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mchumba wangu amekuja mbio. Nimefaulu. Kumbe pale kwenye taa mama hakuwa analia, alikuwa anacheka, na wiki nzima kila akitaka kutangaza majibu anakikumbuka kile kiatu, anashindwa kuendelea, ndipo anajifungia chumbani. Anasema mwanaume aliyesimama kwenye taa nyekundu huku viatu vinaelea hatamkimbia binti yake hata mambo yawe mabaya namna gani. Kwa hiyo tafadhali usiandike barua yoyote. Mvua ile ilikuwa halali kabisa, tena mtihani usirudiwe, maana tangu kitambaa kimshukie machoni sikuwasha indiketa hata mara moja, na kilichoniokoa ni kitambaa hichohicho. Harusi tutaifanyia nje, chini ya maturubai yangu, na mama ameshasema ataletwa kwa gari lilelile, bila paa. Bado hatujapanga tarehe. Tunaomba tu utujulishe ni siku gani mtangazaji wenu atatuahidi jua.