Mwone Daktari Uking'ara

Jumatatu, tarehe 3

Studio tupu tangu asubuhi. Nimepiga miayo mpaka taya zinauma. Siku hizi watu wanajipiga picha wenyewe kwa simu, midomo wameibetua, halafu wanasema wamependeza!

Mama mkwe, ambaye chumba hiki ni mali yake, ametuma ujumbe. Mwezi ukiisha hajaona wateja, chumba anampa mwanawe aweke magodoro ya kuuza. Huyo mwanawe, shemeji yangu, hakuchelewa. Kaja mchana na futi ya kupimia. Kanisalimia vizuri kabisa, kisha kaanza kupima ukuta nilioegemea. Akaniomba nisogee kidogo. Nikasogea! Mpaka sasa sijui kwa nini nilisogea.

Jioni nimepita kwa Mfamasia, ng'ambo ya barabara. Kliniki ya mjini imeanza kutibu kwa simu ya video. Unakaa, daktari anakuona kwenye skrini, anakuuliza mawili matatu, anakuandikia dawa, kwisha kazi. Mfamasia kaweka kiti nyuma ya rafu zake na watu wamejaa. Lakini giza lake! Mzee mmoja katoa ulimi mpaka machozi yakamtoka, daktari anasema haoni ulimi, anaona kivuli.

Kichwa kikawaka pale pale. Taa si ninazo mimi?

Jumanne, tarehe 4

Bango limepanda mlangoni: MWONE DAKTARI UKING'ARA. Kiti cha maharusi, taa tatu, simu iliyounganishwa na kliniki, na nyuma lile pazia la maporomoko ya maji. Daktari, mama mmoja wa miwani asiyependa maneno mengi, kakiri mwenyewe kwamba leo anaona watu.

Foleni yote ya Mfamasia imehamia kwangu. Mwenyewe kavuka barabara kuja kunisuta kwamba sijui hata homa inaanzia wapi. Nikamwambia homa sijui, sura najua. Kaondoka kanuna. Raha iliyoje!

Alhamisi, tarehe 6

Watu hadi nje! Fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja: hakuna mteja wa kuinuka kwenye kiti chako akiwa na sura mbaya. Naifuata. Mwenye vipele, poda. Mwenye macho yaliyoingia ndani, taa ya pembeni. Aliyepauka, taa ya pinki. Wote nawaambia wanyanyue kidevu na watabasamu.

Kitu kimoja cha ajabu. Daktari kila mtu anamwambia hana neno, anywe maji apumzike. Muuza mkaa, aliyekuja akijikuna shingo nzima, kasifiwa ngozi. Karudi baadaye kulalamika kwamba bado anajikuna. Nikamwuliza kama amewahi kusifiwa ngozi maishani mwake. Kafikiri sana, kisha kaenda zake.

Mfamasia hajauza kidonge hata kimoja. Kajiegemeza mlangoni kwake ananitolea macho. Kijiba cha roho hicho!

Jumamosi, tarehe 8

Leo ndiyo leo. Mama mkwe kaja mwenyewe, kashikwa mkono na mke wangu. Mama hali chakula, tumbo linamchoma, amechoka. Nikajua bahati imekuja kwa miguu yake. Nikimfurahisha huyu, magodoro yatatafuta pengine pa kulala.

Nilimpamba kama bibi harusi. Poda tabaka mbili, pinki taa zote tatu. Daktari kampongeza, kamwambia anaonekana kijana, kampa dawa ya kiungulia tu. Mama mkwe kacheka kama msichana na kusema mbele ya mashahidi kwamba chumba ni changu. Moyo wangu!

Katoka nje kwenye jua. Mfamasia, ambaye siku hizi hana kazi ila kuchungulia, kamtazama mara moja akaja mbio. Macho ya mama yalikuwa ya njano. Njano kabisa! Mimi nilikaa naye muda wote ule na nilichoona ni kivuli chini ya pua, nikakiondoa.

Mfamasia kamfuta poda kwa leso, kampigia daktari pale pale barabarani, juani. Sauti ya daktari niliisikia kutoka ng'ambo: hospitali, sasa hivi! Wamempakia kwenye gari. Mke wangu kapanda naye na kunifungia mlango usoni. Afadhali angenitukana.

Nimekaa kwenye kiti cha maharusi. Kama mama akifa, nimemuua kwa poda. Chumba wachukue. Studio wachukue. Apone tu!

Jumanne, tarehe 11

Kapona! Yaani, anaendelea vizuri. Mawe kwenye mfuko wa nyongo, yametolewa. Nimelia mbele ya manesi, wala sioni aibu.

Daktari kanipigia kwa video na kunipa zangu. Pinki marufuku. Poda marufuku. Taa nyeupe, shuka jeupe nyuma, uso umeoshwa. Nikifuata hayo, kasema, chumba changu kitakuwa mahali pazuri kuliko pote mtaani pa kuonea wagonjwa. Mama mkwe kaafiki kutoka kitandani: chumba nibaki nacho, ila nikifanya mgonjwa mmoja tena aonekane mzima, magodoro yanaingia siku hiyo hiyo. Nimeapa. Nimempa mkono Mfamasia. Shemeji kakunja futi yake polepole.

Alhamisi, tarehe 13

Mwalimu mmoja, mzima wa afya, kaja kwa unyenyekevu. Anataka ruhusa ya ugonjwa, wiki moja tu, amechoshwa na kusahihisha. Nikamwambia nimeapa.

Kisha nikawaza. Niliapa kutomfanya mgonjwa aonekane mzima. Mzima aonekane mgonjwa, hilo nani alilitaja? Hakuna!

Taa ya njano ninayo stoo. Kesho nitaijaribu kwanza kwangu mwenyewe. Mimi si mtu wa kuhatarisha wateja.

Ijumaa, tarehe 14

Naandika nikiwa wodini. Daktari hakunipa nafasi ya kumaliza sentensi. Kaniona chini ya taa ya njano, kapiga kelele, gari la wagonjwa likaja na king'ora, mtaa mzima ukatoka nje. Nilipojaribu kueleza habari ya taa, wakasema nimeanza kuweweseka.

Hawaniruhusu mpaka uchunguzi uishe. Shemeji kaja kunitazama. Mpole sana. Futi inachungulia mfukoni mwake. Lazima nitoke kabla hajaanza kupima tena!

Nimechunguza. Daktari wa zamu hapa hapiti kitanda hadi kitanda, anatukagua kwa skrini iliyo kwenye meza ya magurudumu, na anayependeza ndiye anayeruhusiwa. Mwanga wa wodi hii ni aibu tupu. Jirani yangu anaonekana kama kafa juzi.

Nimemtuma mke wangu poda na taa ya pinki. Kakataa. Mwalimu analeta. Wagonjwa sita, na wote wanataka kwenda nyumbani kesho.