Kidole cha Kati na Kinanda cha Kwaya

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Kidole cha kati, mkono wa kulia, kimegoma. Nilikuwa nachomeka shuka chini ya godoro. Oliva, mke wangu, yuko Newala kwa dada yake, kwa hiyo kitanda nilitandika mwenyewe, jambo ambalo sitalirudia. Kikalia tk. Tangu hapo ncha imeinama kama mtu anayetoa shikamoo. Nikiinyanyua kwa mkono mwingine, inanyanyuka. Nikiiachia, inaanguka. Maumivu madogo. Lakini mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya, na tamasha la Newala ni mwisho wa mwezi.

Jumanne, 6 Agosti
Hospitali, Masasi. Daktari Rahima anasema kano limekatika, ule mshipa unaonyanyua ncha ya kidole. Amekifunga kwenye kibanzi cha plastiki. Kisikunjwe hata mara moja kwa miezi miwili, hata wakati wa kuoga. Kikikunjwa, tunaanza upya. Nikamuuliza kuhusu kinanda. Akasema kinanda kitasubiri. Daktari huyu hamjui Ethel.

Jumatano, 7 Agosti
Mazoezi, kanisani Lukuledi. Shuka sikulitaja. Nimewaambia nilimshika pembe ng'ombe aliyekuwa anamkimbiza mtoto. Severina wa sauti ya kwanza akauliza ng'ombe wa nani. Nikasema alikuwa anapita tu. Mwenyekiti wetu, Petro, akaamua Ethel apige mpaka nipone. Ethel nilimfundisha mwenyewe, kosa kubwa. "Nitakushikia tu, mwalimu," akasema, kwa adabu zote. Serikali nyingi zimepinduliwa kwa adabu za namna hiyo.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimejaribu kupiga na kibanzi. Kinabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Severina akauliza kama huo ni wimbo mpya. Baada ya mazoezi nimeondoka na adapta ya kinanda. Kwa usalama wake.

Jumapili, 11 Agosti
Ethel alikuja na betri. Akapiga misa nzima. Vigelegele mpaka wakati wa sadaka. Padre akauliza mpigaji mpya ni nani. Mimi nimepiga miaka, hajawahi kuuliza.

Jumatano, 14 Agosti
Oliva amerudi, na amenifuata mazoezini. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia ukweli. Mbele ya kwaya nzima akasema, "Baba Happiness, yaani lile shuka lililokuvunja kidole umeliacha vilevile, nusu ndani nusu nje?"
Petro akauliza, taratibu, shuka lina pembe ngapi. Wamecheka hata wale wa sauti ya nne, ambao kwa kawaida hawaelewi kitu.

Jumamosi, 31 Agosti
Newala. Nilipanda basi pamoja nao kama mshauri. Ethel alipokwenda kunawa uso, nikavua kibanzi, nikaketi kwenye kinanda. Aliporudi tulikuwa tumeshaitwa. Ubeti wa kwanza kidole kilisimama. Nilikaribia kulia kwa furaha. Kwenye kiitikio kikaanguka. Noti zikaruka, sauti ya pili ikashika njia yake, Petro akafumba macho. Kisha nikamsikia Ethel nyuma ya bega langu.
"Shika besi, mwalimu. Mkono wa kushoto tu. Huku niachie mimi."
Akainama, akapiga upande wa kulia mpaka mwisho. Tumepata nafasi ya tatu. Watu walipomuuliza, akasema tulipanga hivyo. Sikuweza kumtazama. Kwenye basi alinishikia kiti cha dirishani. Nimeona aibu njia nzima, hadi Masasi.

Jumatatu, 2 Septemba
Hospitali tena. Kano limeachia. Kibanzi kipya, miezi miwili upya. Plasta Daktari Rahima aliivuta kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.
Nimetafakari sana. Adapta nimemrudishia Ethel, na kinanda nimemwachia, kwa moyo mweupe. Ana roho nzuri yule, sitamsumbua tena. Nimekuwa mtu mwingine.
Ila Newala wote waliisifu besi. Na gitaa la besi, nimechunguza, linaweza kupigwa kwa kidole gumba. Tatizo ni Dauda, ndiye mpiga gitaa wetu, na bahati mbaya ana kikohozi kidogo tu. Kesho nitampitia nyumbani, nimshauri kama ndugu apumzike mpaka Krismasi.