Ramani ya Kichwa Changu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeshushwa cheo! Mie, mkata mbao hodari kuliko wote Keko! Kisa nimezubaa tena mbele ya msumeno wa umeme. Eti niliitwa mara nne, macho wazi, sisikii. Kidogo kidole kiende. Na vidonge vya kifafa vya zahanati namezaga kila siku! Fundi Kornelio kasema sigusi mashine mpaka nikapimwe ubongo. Nimepewa msasa. Mashine kapewa Gervas. Gervas, anayepimaga mguu wa kitanda kwa kiganja!

Jumatano, 8 Oktoba
Hospitali. Nimempa Dokta Zarin shikamoo yake. Kasema watanibandika nyaya kichwani, kompyuta ichore ramani ya umeme wa ubongo, waache kubahatisha dawa. Masharti: Ijumaa nije nimeosha nywele, nisipake kitu, na usiku nilale kwa muda wa saa nne tu, ubongo uchoke. Nimeitikia. Moyoni nacheka. Nani anapigwa picha akiwa amepauka?

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimelala saa kumi nzima badala ya nne, ubongo unone. Nikapaka mafuta ya nazi, juu yake jeli. Nang'aa kama kabati lililopigwa vanishi. Aibu! Kila waya sista Jesca akibandika, unateleza mpaka shingoni. Kaniuliza nimekuja kupimwa au kukaangwa. Nirudi Jumatano. Gervas kasikia, sasa karakana nzima naitwa Chipsi.

Jumatano, 15 Oktoba
Sabuni mara tatu, nywele kavu kama maranda. Nyaya zimeshika. Taa inamwekamweka, napumua haraka haraka, halafu... sikumbuki. Jesca kasema nimezubaa sekunde tisa, kompyuta imenasa zote. Dokta kanionyesha: mistari imetulia, ghafla inaruka yote pamoja. Kumbe cheche zangu hazianzii kona moja, zinawaka kichwa kizima! Vile vidonge vya zamani si vya aina yangu, vilikuwa vinanizidishia. Kanibadilishia. Nimemtangazia Gervas kwamba kichwa changu kina umeme kila chumba. Chake sijui kama nguzo imefika.

Alhamisi, 20 Novemba
Wiki tano sijazubaa hata mara moja! Kesho kipimo cha marudio. Fundi Kornelio kasema kikitoka safi, mashine yangu narudishiwa. Basi siku kubwa kama hiyo lazima nipendeze. Mafuta ya nazi nimeshapaka. Nyaya zikiteleza? Nimeshalifikiria hilo, mie si mjinga. Nakwenda na gundi ya mbao. Inashikilia kitanda cha sita kwa sita, itashindwa kichwa?